Kabla hujapandikiza jino: maneno ya fundi anayetengeneza kofia

Mimi sing'oi meno wala sichomi sindano ya ganzi. Kazi yangu ni ya mezani, katika maabara ndogo hapa Arusha: tanuri la kuchomea kauri, mashine ya kusaga, na rafu ya nakala za plasta za meno ya watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao. Daktari anapopandikiza jino, ile sehemu unayotafunia, inayoonekana ukicheka, huitwa kofia, nayo hutengenezwa kwenye meza kama yangu. Ikilegea baada ya miaka, inarudi kwenye meza kama yangu, mara nyingi ikiwa imefungwa kwenye tishu ndani ya mkoba.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mtu alipandikiziwa jino Dubai, au Nairobi, au India alikokwenda kumuuguza ndugu, na hana karatasi hata moja inayosema kilichomo kwenye taya lake ni cha kampuni gani. Skrubu inayoshika jino hilo ina unene wa milimita 2 hivi, na kampuni hazifanani kwa umbo la kichwa chake wala kwa kiungo kinachokaa chini yake. Spana ya kumi haifungui nati ya kumi na mbili. Jino zima, mfupa mzima, ufizi mzima, lakini hatuna cha kulifungulia.

Kwa hiyo watu wakiniuliza bei, nawajibu kwa swali: siku skrubu ikilegea na daktari wako amehama, nani ataikaza? Yote ninayoandika hapa yanalenga jambo hilo, upate jino ambalo daktari mwingine na fundi mwingine wataweza kulihudumia.

Kinachowekwa mdomoni

Ni vipande vitatu. Cha chini kabisa ni kipandikizi chenyewe, mzizi wa bandia wa titani wenye nyuzi za skrubu, kwa kawaida upana wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa 8 hadi 12. Hicho huzama ndani ya mfupa. Juu yake hukaa kipande cha kati, abatimenti, kinachopenya ufizi. Halafu kofia ya kauri au zirkonia (aina ya kauri ngumu zaidi), ambayo ndiyo kazi yangu.

Titani huchaguliwa kwa sababu mfupa huishika. Aliyeligundua hilo ni Msweden, Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950, akiwa hana habari na meno. Alikuwa ameweka vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu, na alipotaka kuvitoa vikawa vimeshikana na mfupa, havitoki. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno, Gösta Larsson, alipandikiziwa mwaka 1965, akaishi na meno hayo mpaka alipofariki mwaka 2006.

Je, unakihitaji?

Si kila pengo linadai kipandikizi. Kama limekosekana gego la mwisho kabisa na unatafuna vizuri, kuliacha ni jibu halali, na daktari mwaminifu atakwambia hivyo. Kama meno ya pande mbili za pengo tayari yameharibika na yanahitaji kofia, daraja, yaani kofia zilizounganishwa zinazoshikwa na meno hayo mawili, linaweza kuwa na maana zaidi. Kama fedha haziruhusu, meno ya kuvaa na kuvua yaliyotengenezwa vizuri hayana aibu yoyote. Nimeyatengeneza kwa wachungaji, walimu na wabunge wa kesho.

Ila kuna kundi moja ambalo ningependa lisikike zaidi, nao ni wazee waliobaki bila jino hata moja taya la chini. Meno ya kuvaa ya juu hukaa kwa sababu kaakaa ni pana na hewa huyanyonya. Ya chini hayana pa kushika, na ulimi unayasukuma siku nzima. Ndiyo maana bibi anayavaa kanisani na kuyavua mezani, kinyume cha kusudi lake. Kwa mtu wa namna hiyo vipandikizi viwili tu upande wa mbele, vyenye vifungo vya kubana, hubadilisha kabisa ulaji. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza hilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Gharama yake iko mbali sana chini ya kupandikiza taya zima, na mara nyingine meno yaleyale ya zamani hutobolewa kwa ndani yakawekewa vifungo.

Wapo wa kusubiri. Kijana ambaye bado anakua hapandikizwi, kwa sababu taya litaendelea kushuka na meno yake huku kipandikizi kikibaki palepale; wengi huambiwa wangoje miaka 18 au zaidi. Mwenye kisukari anaweza kupandikizwa, lakini kwanza sukari itulie, na aende na majibu ya kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Mvutaji sigara ana hatari kubwa zaidi ya kipandikizi kukataa, karibu mara mbili ya asiyevuta. Ufizi unaotoka damu utibiwe kwanza, maana bakteria walioangusha jino la kwanza bado wapo mdomoni.

Na hili watu hulisahau kwa sababu hawalioni kama linahusu meno: kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, mfano vidonge vya alendroneti au sindano za asidi ya zoledroniki zinazotolewa pia kwa wagonjwa wa saratani, au uliwahi kupigwa mionzi kichwani au shingoni, liseme kabla ya jambo lolote. Mfupa wa taya lako unaweza usipone kama wa wengine.

Usikae na pengo miaka

Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kusinyaa. Katika mwaka wa kwanza upana wa mfupa pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Anayekuja baada ya miaka kumi bado anasaidika, ila pengine aongezewe mfupa kwanza, na hiyo ni gharama nyingine na miezi mingine. Kama unajua jino litang'olewa na unataka kupandikiza, zungumza na daktari kabla ya kung'oa, si baada.

Mazungumzo ya kwanza na daktari

Hakikisha amesajiliwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni baraza lao la madaktari na madaktari wa meno, ambalo orodha yake unaweza kuitafuta mtandaoni. Usajili pekee hautoshi, kwa hiyo muulize bila kuona haya amejifunzia wapi kupandikiza na anafanya mara ngapi. Daktari mzuri halichukulii swali hilo kama tusi.

Kisha picha. Eksirei ya kawaida inaonyesha urefu wa mfupa, haionyeshi unene wake. Picha ya pande tatu inaonyesha vyote. Taya la chini lina mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa na kwenda kwenye mdomo wa chini. Daktari huacha nafasi ya angalau milimita 2 juu yake, na asipojua ulipo, mdomo unaweza kubaki na ganzi ya kudumu. Juu, nyuma, kuna uwazi wa hewa kando ya pua, na mara nyingi mfupa chini yake ni mwembamba.

Bei iulize kwa vipande. Mtu anaambiwa milioni kadhaa akadhani amemaliza, kumbe hiyo ilikuwa ya kipandikizi tu. Abatimenti na kofia vinakuja kwenye bili ya pili. Omba karatasi inayotaja kila kimoja: picha, kipandikizi, kuongeza mfupa kama itahitajika, jino la muda, abatimenti, kofia, na nini kitatokea kipandikizi kisiposhika. Kama una bima, waulize kwa maandishi, na wajibu kwa maandishi.

Swali langu la mwisho ndilo ninaloliombea zaidi: kipandikizi ni cha kampuni gani, na vipuri vyake vinapatikana nchini? Ukiambiwa "usijali, ni kizuri tu," jali. Bei ya chini sana mara nyingi maana yake ni kampuni ambayo baada ya miaka mitano hutapata skrubu yake popote.

Siku yenyewe

Hii nitaipita haraka, maana si uwanja wangu. Kula kabla. Dawa zako za presha meza kama kawaida, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Ganzi ni ileile ya kung'olea jino, na wengi hushangaa kwamba kung'oa kuliuma zaidi. Utasikia mtikisiko na maji mengi mdomoni. Maji hayo ya chumvi ni ya kupoza, kwa sababu mfupa ukifika nyuzi 47 za joto kwa dakika moja tu huanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu.

Siku hiyo weka barafu shavuni, usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Kula mtori uliopoa, uji, ndizi laini. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Uvimbe wa siku mbili tatu ni wa kawaida. Uvimbe unaozidi baada ya hapo, usaha, damu isiyokoma, au mdomo ambao bado una ganzi wakati dawa ilishapaswa kuisha, hayo ni ya kupiga simu saa hiyohiyo. Hasa la mwisho usilisubirishe mpaka asubuhi.

Baada ya hapo ni kungoja. Miezi mitatu kwa kawaida taya la chini, mpaka sita la juu ambako mfupa ni laini zaidi. Kuna wanaopewa jino siku ileile, na wapo wanaofaa, lakini mara nyingi jino hilo ni la muda na hupaswi kulitafunia. Usimbane daktari kwa sababu ya harusi.

Kofia: hapa ndipo kwangu

Daktari atachukua alama ya mdomo wako, kwa udongo maalumu au kwa kamera inayopita juu ya meno, na kuniletea. Kama jino ni la mbele, mwombe akutume maabara uonane na fundi. Rangi haipelekwi kwa simu.

Kuna mama mmoja wa Maji ya Chai aliletwa na binti yake. Jino la juu la mbele lilimtoka kwenye ajali ya bodaboda. Meno yake mengine yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na madoadoa, kama ya wengi waliokulia kwenye maji yenye madini mengi ya floraidi huku kwetu chini ya Mlima Meru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nataka jeupe. Jeupe kabisa."

Nilimweka dirishani na kumpa kioo. Nikatoa kipimo cha rangi, kile chenye vijino 16 vya mfano, nikachukua cheupe kuliko vyote na kukishika pale penye pengo. Alijitazama kwa muda. Akageuza uso kushoto, kulia. Binti yake akanyamaza, na ninamshukuru kwa hilo.

"Hili ni la mtu mwingine," akasema.

Tukaanza upya. Hakuna kijino hata kimoja kati ya 16 kinachofanana na jino la Maji ya Chai, kwa hiyo nilichukua kilichokaribia na kumpiga picha kikiwa kando ya meno yake, ili niwe na cha kulinganisha. Kisha nikachora ramani kwenye karatasi: mstari wa kahawia theluthi ya juu, doa jeupe kama chokaa upande wa kulia, ncha iliyochakaa kidogo. Rangi hizo hupakwa kwa brashi nyembamba juu ya kauri na kuchomwa, tabaka kwa tabaka. Kofia ilipowekwa, binti alikosea jino alipoambiwa aonyeshe lipi ni jipya.

Kutokana na kazi kama hiyo nakupa haya. Nenda mchana, si jioni chini ya taa ya njano. Usipake rangi ya mdomo. Rangi ichaguliwe mwanzoni kabla hujakaa na mdomo wazi muda mrefu, kwa kuwa jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Na kama una mpango wa kung'arisha meno yako, fanya kwanza, ungoje rangi itulie, ndipo kofia itengenezwe. Kauri haing'ariki baadaye kwa dawa yoyote.

Sasa jambo la kufunga. Kofia hushikwa kwa njia mbili: ama kwa skrubu inayopita katikati yake, tundu likazibwa juu, ama kwa saruji ya meno juu ya abatimenti. Mimi nachagua skrubu kila inapowezekana. Ya saruji hupendeza na hutengenezwa kwa urahisi, lakini mabaki ya saruji yakibaki chini ya ufizi huleta uvimbe na kula mfupa, na skrubu ya ndani ikilegea wakati mwingine hatuna njia ila kuivunja kofia nzima ili tuifikie. Ya skrubu inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa. Pembe ya kipandikizi haikubali skrubu kila mara, hasa mbele, lakini uliza, na uambiwe sababu.

Daktari anapokaza, atumie spana yenye kipimo cha nguvu. Kila kampuni ina namba yake, nyingi ziko kati ya 15 na 35 za Niutoni-sentimita. Mkono pekee haujui namba. Kisha atakupa karatasi ya rangi uing'ate. Jino la asili lina nyuzi laini zinazolishikilia na huzama kidogo ukiuma, kipandikizi hakizami. Kwa hiyo jino jipya liguse kwa wepesi kuliko majirani zake. Ukihisi linatangulia, sema hapohapo kabla hujashuka kitini, hata kama foleni ni ndefu.

Pima pia usafi wake. Kibrashi kidogo cha katikati ya meno kipite pembeni mwa kofia. Kama hakipiti kokote, kofia irudi kwangu niikate. Sitachukia.

Kadi

Kila kipandikizi hutoka kiwandani na stika. Moja ya stika hizo ni haki yako. Omba kadi au karatasi yenye jina la kampuni, aina, upana na urefu wa kipandikizi, namba ya toleo, nafasi ya jino, tarehe, aina ya abatimenti, na kama kofia ni ya skrubu au saruji. Ipige picha, jitumie WhatsApp, mtumie na mtoto wako. Kama unatibiwa nje ya nchi, jua kwamba kwa kawaida ni safari mbili zenye miezi katikati, na kabla hujapanda ndege ya kurudi omba skrubu moja ya akiba. Haina uzito wowote kwenye begi, na huku inaweza kuchukua wiki kadhaa kuipata.

Kuishi nalo

Titani haiozi, lakini ufizi na mfupa vinavyoishika vinaugua, na ugonjwa huo hauumi mwanzoni. Mswaki mara mbili kwa siku, vibrashi vya katikati kila usiku. Mswaki wa mti ni mzuri kwa uso wa jino, ila hauingii pembeni. Ukisaga meno usingizini, omba kinga ya usiku, kwa sababu kusaga huko ndiko kunakoniletea kofia nyingi zilizopasuka. Rudi kwa daktari angalau mara moja kwa mwaka. Damu ukipiga mswaki ni habari, ipeleke mapema.

Jino likianza kucheza, acha kulitafunia siku hiyohiyo. Mara nyingi ni skrubu ya juu tu, na inakazwa au kubadilishwa kabla haijakatikia ndani. Ikikatikia ndani, kazi ya dakika chache inageuka ya nusu siku. Na tafadhali usiibandike kofia kwa gundi ya dukani. Nimeshapokea kofia zenye gundi iliyokauka mpaka ndani ya kiungo, na hizo huwa haziokoki.

Ikitoka yenyewe, ioshe, iweke kwenye kikopo kigumu, siyo tishu, uje nayo pamoja na kadi. Huna kadi? Mwombe daktari akupige eksirei iliyonyooka, inayoonyesha nyuzi na shingo ya kipandikizi kwa ukali. Kwa umbo la shingo, umbali kati ya uzi na uzi, na ncha ya chini, mara nyingine tunaweza kuitambua kampuni. Ilete picha hiyo kwenye simu, ikiwa faili halisi, siyo picha ya picha iliyopigwa juu ya kisanduku cha taa cha kusomea eksirei.